Sungura Ndani ya Mchuzi wa Tembo

Mwaka 2011 serikali ya Afrika Kusini ilitangaza mpango wa umeme wa miaka 20, maarufu kwa jina la IRP 2010. Ulikadiria kwamba ifikapo 2030 nchi ingehitaji uniti bilioni 454 kwa mwaka, wakati uzalishaji wa siku zile ulikuwa kama bilioni 260. Ili kuziba pengo hilo, mpango uliweka, miongoni mwa mengine, megawati 9,600 za nyuklia. Miaka kumi ikapita. Umeme uliotumika nchini ukawa umepungua kuliko ule wa 2010.

Wahandisi hawakukosea kujumlisha. Tatizo lilikuwa mahali walipoipata namba ya kuanzia. Uchumi ulidhaniwa utakua kwa zaidi ya asilimia 4 kila mwaka, na umeme ukapangwa kuufuata. Hakuna aliyeirudisha bei ya umeme kwa wachumi waliotoa dhana hiyo na kuwauliza kama bado wanaiamini. Na bei ilikuwa ikipaa: tangu 2009 hadi 2011, shirika la umeme la Eskom liliipandisha kwa zaidi ya asilimia 20 kila mwaka. Viwanda vya kuyeyusha metali vikapunguza kazi, migodi ikabana matumizi, mgawo wa umeme ukaongeza maumivu, na uchumi wenyewe ukapoa.

Hapo ndipo penye hoja ya kuunganisha modeli mbili ambazo kwa kawaida hukaa ofisi tofauti.

Ya kwanza ni modeli ya mfumo wa nishati. Ndani yake mna orodha ndefu ya mitambo: kila mmoja na gharama yake, mafuta yake, umri wake na moshi wake. Kazi yake ni kuchagua mchanganyiko wa bei nafuu kuliko yote utakaotosheleza mahitaji. Ukoo maarufu wa modeli hizi ni MARKAL, uliozaliwa baada ya bei ya mafuta kulipuka mwaka 1973, na mrithi wake TIMES. Ni fundi hodari, ila mteja kwake ni mita tu. Hajui kama mteja huyo ana mshahara.

Ya pili ni modeli ya uchumi mzima. Msingi wake ni jedwali kubwa la nani anamlipa nani, kati ya viwanda, kaya, serikali na nchi za nje. Bei hupanda na kushuka humo mpaka masoko yote yasawazike. Hii inaijua mishahara, lakini umeme kwake ni bidhaa kama sabuni. Inaweza kuachana na makaa ya mawe kwa wepesi wa mpishi aliyekosa nyanya, kana kwamba kituo cha umeme hakijengwi kwa miaka mingi na kutumika kwa miongo.

Mwaka 1977 Wamarekani William Hogan na Alan Manne waliueleza uhusiano huu kwa mfano wa mchuzi uliopikwa kwa tembo mmoja na sungura mmoja. Tembo ni uchumi, sungura ni nishati, na kwa kuwa nishati ni sehemu ndogo ya pato la taifa, mchuzi utanukia tembo. Waliongeza tahadhari: nishati ikipungua sana, na kukiwa hakuna kitu chepesi cha kushika nafasi yake, sungura huyo anaweza kumyumbisha tembo. Aliyelelewa na hadithi za Sungura hatashangaa.

Chuo Kikuu cha Cape Town kina modeli ya nishati iitwayo SATIM. Watafiti wake, wakishirikiana na wachumi, waliiunganisha na modeli ya uchumi ya SAGE, na muungano wao ukaitwa SATIMGE. Modeli ya nishati hupanga mitambo, kisha humpa mwenzake gharama za ujenzi na bei ya umeme. Modeli ya uchumi huzipokea na kukokotoa upya ukuaji wa kila sekta na mapato ya kaya. Matokeo hayo hurudi upande wa pili yakiwa mahitaji mapya ya umeme. Hurushiana hivyo mpaka namba zitulie.

Faida ya muungano huo huonekana kwenye kodi ya kaboni, iliyoanza Afrika Kusini Juni 2019 kwa randi 120 kwa tani. Modeli ya nishati peke yake itasema tu kwamba makaa yamekuwa ghali. Haina pa kuandika fedha za kodi zinakokwenda, na hapo ndipo mambo yanapoamuliwa: zikirudishwa kwa kaya maskini picha ni moja, zikipunguza kodi za kampuni ni nyingine kabisa.

Mwaka 2021 SATIMGE ilitumika kuchambua ahadi mpya ya nchi ya kupunguza gesi joto chini ya Mkataba wa Paris. Ahadi ya awali iliruhusu uchafuzi wa tani milioni 398 hadi 614. Rasimu ya kwanza ya ahadi mpya ilipendekeza 398 hadi 440 kwa mwaka 2030. Baraza la mawaziri likapitisha 350 hadi 420.

Ndoa hii ya modeli mbili bado ina upofu wake. Mfanyakazi wa makaa akipoteza kazi katika jimbo la Mpumalanga na nyingine ikapatikana kwenye mashamba ya umeme wa jua ya jimbo la Northern Cape, hesabu ya taifa inaweza kusawazika. Yeye yuko upande wa pili wa nchi, akiwa na nyumba isiyouzika. Kituo cha umeme wa makaa cha Komati, huko Mpumalanga, kilichoanza kufua umeme mwaka 1961, kilizimwa Oktoba 2022, na ni wakazi wa pale wanaoijua tofauti hiyo.

Kwa hiyo msomaji akikabidhiwa mpango wowote wa nishati, aanze na ukurasa wa mahitaji. Kama namba ya mahitaji haibadiliki hata bei ya umeme ikibadilika, asijisumbue na kurasa zinazofuata.