Kupanua Silinda ya Vespa: Fundi, Piga Hesabu Kwanza

Siku moja alikuja ofisini kwetu kijana fundi wa pikipiki hapa Makambako. Alitaka cheti chake cha ubatizo, maana amechumbia. “Kamwene, mwalimu,” akanisalimu, kwa kuwa nilisomea ualimu kabla ya kushika kazi hii ya ukarani wa parokia. Nikamwandikia cheti, akaaga. Punde nikasikia mngurumo uani. Nilipochungulia dirishani niliona vespa ya zamani, rangi imepauka, lakini mlio wake ni wa simba.

Nikatoka kuuliza habari. Kumbe kijana alikuwa amenunua silinda na pistoni ya milimeta 63, akazifunga mahali pa zile za milimeta 52.5 zilizotoka kiwandani. Na fedha? Alizichota katika akiba ya mahari. Aliniambia kwamba atazirudisha upesi, kwa kuwa sasa vespa itapanda na mzigo mpaka Njombe bila kuhema, wala wenye Boxer hawatamcheka tena.

Majuma mawili baadaye vespa ile ile ilirudi Makambako juu ya lori la mpunga kutoka Usangu. Pistoni ilikuwa imekwama katika silinda kama kizibo katika chupa. Imenoki, kama wasemavyo vijana. Mwenyewe alipona kwa kuwa aliwahi kuibana klachi gurudumu la nyuma lilipokaza, akaserereka hadi ukingoni mwa barabara, na lori lililokuwa nyuma yake likapita. Wote tunaoijua barabara ile ya Tunduma, na malori yake, twaelewa maana ya neno “likapita”.

Siandiki haya kwa kumcheka, wala kuwakataza vijana kazi hii. Kupanua injini ya skuta ni kazi ya kweli, na mafundi wa Ulaya na Asia wameifanya kwa miaka mingi. Lakini nilipokaa naye nikiwa na kalamu na karatasi, tuliona kwamba kosa lake halikuwa la mikono. Mikono yake ni mizuri. Kosa lilikuwa la hesabu, na hesabu yenyewe si ngumu kupita ile ya darasa la saba.

Kwanza tuijue skuta yenyewe. Vespa ilitoka mara ya kwanza mwaka 1946 katika kampuni ya Piaggio ya Italia. Aliyeibuni ni Corradino D'Ascanio, mhandisi wa mambo ya ndege, na injini yake ilikuwa ya cc 98 tu. Mwaka 1947 Innocenti wa Milano wakaileta Lambretta. Unguja mpaka leo vespa ni kitu cha kila siku. Huku bara tumehamia kwenye bodaboda, lakini hata hizo zina ukoo na vespa: Bajaj wa India, wanaounda Boxer na yale magari ya magurudumu matatu tuyaitayo kwa jina lao, walianza kuunda vespa kwa ruhusa ya Piaggio mwanzoni mwa miaka ya 1960. Basi mwenye Boxer akimcheka mwenye vespa, anamcheka babu.

Vespa ya kijana wetu ni ya aina ya PX 125. Pistoni yake husafiri milimeta 57 kutoka chini hadi juu. Chukua nusu ya upana wa tundu, izidishe kwa yenyewe, zidisha kwa 3.1416, kisha zidisha kwa huo mwendo wa 57. Kwa tundu la 52.5 utapata cc 123.4. Kwa tundu la 63 utapata cc 177.7. Umeongeza milimeta 10 na nusu za upana, na injini imekua kwa zaidi ya sehemu mbili katika tano! Ndiyo maana tundu hushinda njia nyingine: upana huzidishwa kwa wenyewe. Tena silinda ya 63 hukaa juu ya injini ya 125 bila kubadili krankishafti. Ya PX 200 ni mambo mengine, maana injini yake yote ni kubwa tangu chini.

Hapa niwaonye wanaopeleka silinda iliyolika kwa fundi mkerezaji wakidhani wanaongeza nguvu. Ukiipanua silinda ile ya 52.5 kwa milimeta moja nzima, utapata cc 128.1. Hapo umeponya ugonjwa wa kulika, hujaongeza kitu cha kutangaza. Na ukizidi kuikereza bila kiasi, ukuta wa silinda huwa mwembamba, hupindika kwa joto, na ringi hazikai tena. Maneno hayo yawahusu na wenye Boxer.

Sasa tuje kwenye jambo ambalo vitabu vya mafundi wa pwani hawana haja ya kulisisitiza. Sisi wa Makambako twakaa zaidi ya meta 1,600 juu ya bahari, na ndugu zetu wa Njombe wako juu zaidi. Hewa ya huku ni nyepesi. Kwa kadirio la haki, injini yetu hukosa sehemu moja katika sita ya hewa ambayo ingeipata Dar es Salaam. Petroli haiungui bila hewa. Basi ile vespa ya cc 123 ikifika hapa huvuta hewa kama injini ya cc 103 ya pwani. Silinda ya 177 nayo huvuta kama ya cc 148. Kijana alipoona lile hesabu aliguna. Nusu ya kile alichokinunua kwa fedha ya mahari kilikwenda kulipa deni la mlima. Hata hivyo hakukosea kukitaka. Kwa watu wa nyanda za juu haja ya silinda kubwa ni ya haki kuliko kwa mtu wa Kariakoo.

Kwamba hewa ndiyo yenye kazi, Walambretta walilionyesha mwaka 1951. Skuta yao ya cc 125 tu, iliyofunikwa umbo la samaki, ikiendeshwa na Romolo Ferri katika barabara kuu ya Ujerumani, ilipita kilometa 200 kwa saa. Tundu halikuwa kubwa. Walifunga pampu ya kuisukumia injini hewa kwa nguvu. Sisemi mtu ajaribu hayo kwenye njia ya Njombe!

Basi kwa nini injini ilikufa Usangu, wakati hapa ilinguruma siku nyingi salama?

Sababu ya kwanza ni kichwa cha silinda. Pistoni ikifika juu kabisa, hubaki nafasi ndogo ambamo hewa na petroli hubanwa. Tuseme nafasi hiyo ni cc 17. Katika injini ya zamani, cc 140.4 hubanwa ziwe 17, yaani mara 8 na robo. Ukiweka silinda ya 177.7 na kuiacha nafasi ile ile, cc 194.7 hubanwa ziwe 17, yaani karibu mara 11 na nusu. Kubanwa ni joto. Mchanganyiko huanza kulipuka ovyo kabla ya wakati, na unyayo wa pistoni huungua. Ili kurudi kwenye kiasi cha kwanza hapana budi kichwa kichongwe mpaka nafasi ifikie cc 24 na nusu. Kuipima si kazi: pandisha pistoni juu kabisa, inamisha injini tundu la plagi litazame juu, kisha jaza oili kwa bomba la sindano huku ukihesabu mililita. Kijana wetu hakupima. Huku juu, hewa ikiwa nyepesi, injini ilimvumilia. Aliposhuka Igawa na kuingia tambarare za Usangu, hewa nzito ilijaa, na uvumilivu ukaisha.

Sababu ya pili ni jeti ya kabureta. Alikuwa ameichagua hapa hapa Makambako kwa kusikiliza mlio: akaweka ndogo, injini ikalia vizuri, akafurahi. Jeti ndogo hufaa penye hewa nyepesi. Ukishuka mamia ya meta, hewa huongezeka lakini petroli haiongezeki kwa kadiri hiyo. Mchanganyiko hukauka, na moto mkavu huyeyusha aluminiamu. Anayesafiri kwenda Usangu, au kuteremka Kitonga, na abebe jeti kubwa zaidi mfukoni. Ni kitu kidogo kuliko kifungo cha shati, na bisibisi inatosha kuibadili.

Ya tatu wengi hawaifikiri. Injini hii ya mipigo miwili haina oili yake chini kama Boxer. Hupata oili iliyochanganywa na petroli, sehemu 2 kwa 100, yaani mililita 20 katika lita. Ukifunga mafuta kabisa na kuiacha gia ikushikilie katika mteremko mrefu, petroli haiingii, na oili nayo haiingii, huku pistoni inapanda na kushuka maelfu ya mara. Mteremkoni yafaa kubana klachi mara kwa mara na kuipa mafuta kidogo, na kazi ya kuzuia iachiwe breki.

Nikiisha kutaja breki, nazo zina hesabu yake. Skuta iliyokwenda 80 kwa saa sasa yaweza kwenda 100. Nguvu inayotakiwa kuisimamisha haikuongezeka kwa robo. Imeongezeka kwa zaidi ya nusu, maana mwendo nao huzidishwa kwa wenyewe. Magurudumu ni yale yale madogo, breki ni zile zile za ngoma zilizopangwa kwa cc 125. Nilimwuliza fundi amebadilisha nini kwenye breki. Akatazama chini.

Liko na jambo la karatasi, ambalo mimi karani siwezi kuliruka. Kadi ya pikipiki huandikwa ukubwa wa injini, na madaraja ya leseni za pikipiki hutenganishwa kwenye cc 125. Mtu aliyeivuka namba hiyo kwa spana peke yake, siku ya ajali atakuta bima yake inamwuliza maswali.

Basi tulifanyaje? Silinda ya chuma ilikuwa na mikwaruzo lakini haikupasuka. Fundi mkerezaji aliisafisha kidogo, na pistoni mpya ikanunuliwa ya kipimo kilichofuata. Safari hii nafasi kati ya pistoni na ukuta ilipimwa kwa maikromita, si kwa kidole, kwa kuwa aluminiamu ya pistoni hutanuka karibu mara mbili kuliko chuma cha silinda. Kichwa kilichongwa mpaka bomba la sindano likatupa mililita 25. Kwa upana mpya tulikubali. Springi za klachi zilibadilishwa kwa ngumu zaidi. Gia aliziacha kama zilivyo, nami namsifu kwa hilo, maana katika milima yetu gia fupi ni rafiki. Viatu vya breki alivitia vipya mbele na nyuma, na waya zake pia. Kilometa mia chache za kwanza aliendesha polepole kama anayebeba mayai, huku akibadilisha mwendo, wala hakuikaza mlimani.

Gharama yote ilizidi ile ya kwanza. Baba wa binti alielezwa kisa chote na kijana mwenyewe mbele ya mshenga, bila kuficha. Mzee akanyamaza kitambo, kisha akauliza kama vespa hiyo yaweza kumpeleka mkewe hospitali ya Ilembula siku za kliniki. Akajibiwa kwamba yaweza, kwa mwendo wa kiasi. Ndoa imesogezwa mbele mpaka baada ya mavuno.

Juma lililopita alipita ofisini akitoka Chimala, safari ile ile iliyomshinda. Alifungua plagi hapo hapo uani, akaniletea mezani juu ya kitambaa. Plagi iliyoungua kwa mchanganyiko mkavu huwa nyeupe. Iliyozidiwa petroli huwa nyeusi yenye masizi. Hii ilikuwa rangi ya kahawa iliyotiwa maziwa. Jeti kubwa aliyoitumia Usangu ilikuwa mfukoni mwake, imefungwa katika kipande cha gazeti hili.