Kuchagua Plaiwudi ya Kutengenezea Boti ya Alumini

Boti ya alumini imeundwa kwa madini yale yale ya sufuria zetu. Ni nyepesi, haishiki kutu kama chuma wala haiozi kama mti. Huko Marekani na Kanada vyombo vya namna hii vimeenea sana mitoni na maziwani tangu vita vilipokwisha mwaka 1945, kiwanda cha ndege cha Grumman kilipoanza kuunda mitumbwi ya alumini. Mwenye chombo kama hicho hudhani kwamba habari za kuoza hazimhusu tena. Lakini ndani ya boti nyingi hizo umo ubao wa plaiwudi, nao ni sakafu pamoja na ubao wa tezi ambao mashine hufungwa juu yake. Ubao huo huoza, na siku ya kuubadili ndipo watu wengi wanapokosea.

Sisi tulipata kuona boti moja iliyotengenezwa na fundi hodari wa nyumba. Alichagua plaiwudi iliyotiwa dawa ya kuzuia mchwa na uozo, kwa kuwa aliona hiyo ndiyo idumuyo kuliko zote. Haikupita miaka miwili, maji yakaingia kwa nyuma na abiria wamo ndani. Bahati njema walikuwa karibu na pwani. Ubao ulipofunguliwa, ulionekana mzima kabisa, bali alumini iliyougusa ilikuwa imetoboka matundu madogo yaliyojaa unga mweupe.

Sababu yake ni hii. Dawa nyingi za mbao zina shaba nyekundu ndani yake. Shaba na alumini zikikutana penye maji, nguvu kidogo za umeme hupita kati yake, na alumini ndiyo iliwayo. Maji ya chumvi huzidisha madhara hayo. Tena dawa zilizoenea Marekani tangu mwisho wa mwaka 2003, ile ya zamani yenye sumu ya aseniki ilipoachwa katika mbao za majumbani, nyingi zina shaba zaidi kuliko ile. Basi shuruti ya kwanza ni kutotumia kabisa plaiwudi yenye dawa ya shaba, wala rangi ya shaba, wala misumari ya shaba, katika boti ya alumini.

Shuruti ya pili ni gundi. Plaiwudi ni tabaka nyembamba za mti zilizopandanishwa kwa kupishana nyuzi zake na kugandishwa kwa gundi. Ile ya makabati ya ndani ina gundi isiyostahimili maji. Ili kuijua, kata kipande kidogo, ukichemshe saa kadhaa, ukikaushe, kisha ukichemshe tena. Tabaka zikiachana, ubao huo haufai.

Shuruti ya tatu ni tabaka za ndani. Tazama ukingo wa ubao pande zote nne. Ukiona mapengo, jua kwamba maji yatakaa humo, na skrubu ikipita hapo haitashika. Plaiwudi ya vyombo vya baharini haitakiwi kuwa na mapengo makubwa. Iliyo bora huandikwa BS 1088, yaani kanuni ya Uingereza. Hata hivyo wako wauzaji wapigao mhuri huo bila haki, kwa hiyo chemsha na utazame ukingo vile vile. Plaiwudi ya kazi za nje huwa na gundi njema na bei nafuu, nayo yaweza kufaa kwa sakafu ikiwa ukingo wake hauna mapengo.

Kwa unene, fuata ubao wa zamani. Ubao wa tezi mara nyingi ni inchi 1½, nao hupatikana kwa kugandisha pamoja mbao mbili za inchi ¾. Ukizidisha unene, haukai mahali pake. Ukipunguza, mashine itautikisa hata ulegee.

Lakini mtu asidhani kwamba plaiwudi ya baharini haiozi. Nyingine hutengenezwa kwa mti wa okume utokao Gaboni, ulio mwepesi na mzuri, lakini huoza upesi ukiachwa wazi. Kwa hiyo paka gundi ya epoksi pande zote mara mbili au tatu, na ukingo uzidishe, kwa maana huko ndiko nyuzi za mti hunywa maji. Kila tundu la bolti litobolewe pana kuliko bolti, lijazwe epoksi, likikauka litobolewe tena kwa kipimo chake. Bolti ziwe za chuma kisichoshika kutu, zipakwe lakiri ya kuzuia maji, na matundu ya kutolea maji ya ngama yasizibwe.

Walimu waweza kuwaonyesha wanafunzi jaribio la kuchemsha, nalo halina gharama. Nao wazee wa vijiji wenye boti ya kuvushia watu, yafaa waitikise mashine kila mwezi ikiwa imefungwa mahali pake. Ubao wa tezi ukipinda, au maji yakitoka penye bolti, boti ipandishwe pwani siku hiyo hiyo, kabla haijachukua abiria wengine.