Punje ya Urea: Atomi Nane Zinazolisha Mpunga wa Dakawa

Je, wajua kwamba mpunga wa Dakawa unaweza kugeuka manjano kwa kukosa nitrojeni, ilhali hewa inayoupepea ni nitrojeni kwa asilimia 78? Nitrojeni imetanda juu ya kila jaruba. Mpunga hauwezi kuitumia kwa sababu ya kifungo kinachozishika atomi zake.

Dakawa iko wilayani Mvomero, kwenye barabara kuu ya Morogoro–Dodoma, na mashamba yake ya umwagiliaji hunywa maji ya Mto Wami. Mpunga wa SARO 5, unaopendwa sana huko, huzaa vizuri ukilishwa vizuri. Ndiyo maana baada ya mbolea ya kupandia wakulima hurushia urea ya kukuzia. Kwa mwanafunzi anayeanza kemia, punje moja ya urea hiyo ni darasa zima.

Atomi ina kiini katikati, na elektroni huzunguka nje yake kwa matabaka. Tabaka la kwanza hujaa kwa elektroni 2. La pili hujaa kwa 8. Atomi ambazo tabaka lao la nje lina pengo huungana kwa kuwa, zikishaungana, nishati yao hushuka na zinatulia. Hidrojeni imepungukiwa elektroni 1, oksijeni 2, nitrojeni 3, kaboni 4. Namba hizo nne zinafaa kukaa kichwani, kwa sababu ndizo zinazoamua nani ataungana na nani, na mara ngapi.

Njia moja ya kuziba pengo ni kushirikiana. Tuta linalotenganisha majaruba ya majirani wawili ni la huyu na ni la yule. Kila mmoja hulihesabu lake. Elektroni mbili zilizo kati ya atomi mbili nazo huhesabiwa pande zote mbili, na hicho ndicho kifungo cha kovalenti.

Sasa tazama nitrojeni ya hewani. Atomi mbili, kila moja na pengo la 3, hushirikiana jozi tatu za elektroni kwa mpigo. Kukivunja kifungo hicho katika gramu 28 tu za nitrojeni kunahitaji kilojuli 945, nishati ya kutosha kupasha lita 3 za maji kutoka nyuzijoto 25 hadi zichemke. Molekuli ya oksijeni, yenye jozi mbili, huachana kwa kilojuli 498 kwa kila gramu 32. Mzizi wa mpunga hauna uwezo wa kuvunja jozi tatu. Bakteria wanaoishi kwenye vinundu vya mizizi ya kunde na maharage wanaweza, tena katika joto la kawaida la udongo, jambo ambalo mimi huliona la ajabu kuliko kiwanda chochote.

Binadamu alichelewa mno kulifanikisha. Mjerumani Fritz Haber alionyesha mwaka 1909 kwamba nitrojeni na hidrojeni zaweza kuunganishwa kuwa amonia. Carl Bosch akalifanya kuwa kazi ya kiwanda, na mwaka 1913 uzalishaji ukaanza Oppau, Ujerumani. Mpaka leo kazi hiyo hudai joto la nyuzi 400 hadi 500, mgandamizo mkubwa sana, na chuma kama kichocheo. Amonia hiyo ikichanganywa na kaboni dayoksaidi chini ya joto na mgandamizo, urea hupatikana. Mfuko wa kilo 50 una kilo 23 za nitrojeni, na bei yake imebeba gharama ya kuvunja zile jozi tatu.

Mimina kiganja cha urea kwenye glasi ya maji, ukoroge, kisha ushike glasi: imepoa. Molekuli za urea zinaachana na kushikamana na maji, na kazi hiyo inachukua joto kutoka kwenye maji. Vifungo vya ndani ya molekuli bado ni vizima. Vinavunjwa baadaye, shambani, na kimeng'enya kutoka kwa vijidudu vya udongo, na hapo amonia inatoka.

Amonia ikikuta maji hujipatia hidrojeni ya nne, na kwa kuwa hidrojeni hiyo imekuja bila elektroni yake, molekuli nzima inabaki na chaji chanya. Imekuwa ioni. Chembe za udongo wa mfinyanzi zina chaji hasi, basi huvutana. Mvuto wa namna hiyo ndio kifungo cha ioni. Ndio pia unaoshikilia chumvi ya mezani, ambamo sodiamu imetoa elektroni moja na klorini imeipokea. Mzizi huichukua ioni ya amoniamu bila shida.

Urea ikiachwa juu ya udongo, amonia nyingi hupaa hewani kabla ya kuwa ioni, na harufu yake kali ni pesa ya mkulima inayoondoka. Irushwe pale ambapo maji yataipeleka chini ya udongo mapema.

Nawe mwanafunzi, chukua penseli. Weka kaboni katikati, oksijeni upande mmoja, nitrojeni mbili pembeni, na hidrojeni mbili kwa kila nitrojeni. Ziba kila pengo kwa namba zile nne. Ukihesabu jozi 8 za elektroni zinazoshirikiwa, umeichora urea sawasawa.