Tikiti maji: osha ganda kabla ya kukata

Ndugu mfanyakazi, unapotoka kazini na jasho limekauka mgongoni, tikiti maji linakufaa. Katika sehemu 100 za tikiti, zaidi ya 90 ni maji, tena lina vitamini C. Hata hivyo, usiache kunywa maji safi.

Hatari iko wapi? Iko juu ya ganda. Tikiti hukua likilala udongoni. Kisu kikipita katika ganda chafu, kinaingiza uchafu ndani, pale unapokula. Nacho kipande kilichokatwa asubuhi sokoni, kikakaa juani na nzi juu yake, kinaweza kukuletea kuhara, hata kolera.

Wewe mama, nunua tikiti zima lisilopasuka. Nawa mikono kwa sabuni, osha ganda na kisu kwa maji safi. Likishakatwa, lifunike, na liliwe mara moja. Lisilale mezani mpaka kesho.

Mwenye ugonjwa wa sukari ale kidogo. Mwenye ugonjwa wa figo amwulize munganga kwanza.

Mtoto akihara maji matupu, usingoje asubuhi. Mpeleke hospitali upesi, na njiani mnyweshe serumu ya kunywa. Tikiti haliponyi kolera.