Dereva anaporudi kazini: Bosi ana haki ya kujua nini?

Dereva mmoja wa lori, mkazi wa Bunda, aliniomba nimwandikie kwamba alilazwa kwa malaria. Siku mbili kabla ya hapo, mtu wa ofisini kwao alikuwa amenipigia simu akitaka kujua anaumwa nini hasa. "Dokta, tuambie tu kama ni ule ugonjwa, tujue moja," alisema.

Wote wawili niliwakatalia.

Nimebadilisha mambo kadhaa ili asitambulike, ila wasiwasi wake ni wa madereva wengi wanaopita barabara ya Mwanza, Bunda, Musoma hadi Sirari. Ana miaka 43 na huendesha semi ya mizigo hadi Dar es Salaam. Aliletwa Musoma akiwa na kiu isiyoisha, anakojoa usiku kucha, na mguuni ana kidonda kilichokataa kupona. Sukari yake ilikuwa 28. Alitoka wodini akiwa anajidunga insulini, akaenda kuuguzwa kwa mama yake Butiama. Wiki sita baadaye kidonda kilikuwa kimefunga, akataka kurudi barabarani.

"Tajiri akijua nina kisukari, gari anampa mwingine," aliniambia. Mshahara wake ni mdogo. Kinachosomesha watoto wake watatu ni posho ya safari, na posho nono iko kwenye safari ndefu.

Siri ni ya mgonjwa

Ukitibiwa, jina la ugonjwa wako ni mali yako. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inaziweka taarifa za afya kwenye kundi la taarifa nyeti. Aliyepiga simu alikuwa akiulizia Ukimwi, na Sheria ya Kuzuia na Kudhibiti Ukimwi ya mwaka 2008 inalinda usiri wa majibu ya mtu na kukataza kumlazimisha kupima, isipokuwa katika mazingira machache.

Mwajiri naye ana haki yake. Anapaswa kujua kama mtu anayempa lori anaweza kuliendesha kwa usalama, na kama hawezi, ni kwa muda gani. Swali hilo linajibika bila kutaja ugonjwa. Barua niliyoandika ilisema hivi: anafaa kuendesha mchana kwa safari fupi, asiendeshe usiku, apewe muda wa kula kwa wakati, apimwe tena baada ya miezi mitatu.

Malaria sikuiandika kwa sababu kutunza siri ni jambo moja na kuandika uongo ni jambo jingine. Cheti cha uongo kikigundulika, kinamharibia mgonjwa ajira ambayo ugonjwa usingeiharibu.

Mpaka wa siri ni barabara

Kisukari peke yake hakimzuii mtu kuendesha gari. Hatari kubwa kwa anayetumia insulini ni sukari kushuka ghafla. Huanza kwa jasho, kutetemeka, njaa kali na macho kuona ukungu, kisha akili inachanganyikiwa na mtu anaweza kuzimia. Fikiria hayo yakimpata mtu mwenye tani 30 nyuma yake, anapita Bunda mjini saa ambayo wanafunzi wanatoka shule.

Nilimwambia wazi: ukishika usukani huku sukari inashuka bila wewe kuhisi dalili, nitakutaka umweleze mwajiri. Ukikataa, nitalazimika kuchukua hatua ya kuwalinda wengine, na wewe utakuwa wa kwanza kujua.

Nchi nyingine zimepita njia hii. Uingereza iliwazuia watumiaji wa insulini kuendesha malori hadi mwaka 2011, ilipoanza kumpima kila dereva kwa hali yake. Marekani ililegeza mwaka 2018, kwa sharti kwamba dereva awe na kumbukumbu za vipimo vya sukari za angalau miezi mitatu. Nami nilimpa miezi hiyo mitatu.

Njia tatu mbele yake

Ya kwanza ilikuwa kurudi safari ya Dar es Salaam kimyakimya. Ya pili, kuomba kazi ya yadi. Ya tatu, kuomba gari la safari fupi za Musoma, Bunda na Butiama, arudi kulala nyumbani, ale kwa saa na kuandika vipimo vyake kwenye daftari.

Alichagua ya tatu. Bosi alipomuuliza anaumwa nini, aliamua mwenyewe kumwambia, kwa maneno yake na kwa wakati wake. Lakini mtu wa kwanza kumwambia alikuwa utingo wake, na hilo nilimsihi sana. Bosi anaweza asijue, lakini anayekaa naye kwenye kabini lazima ajue soda iko wapi.

Kwa dereva anayetumia insulini:

• Pima sukari kabla ya kuwasha gari, na kila baada ya saa mbili njiani. Ikiwa chini ya 4, usiendeshe. Ikiwa kati ya 4 na 5, kula kwanza.

• Ukihisi dalili, simamisha gari mahali salama, zima injini. Kunywa nusu chupa ya soda ya kawaida, au vijiko vitatu hadi vinne vya chai vya sukari kwenye maji. Pima tena baada ya dakika 15, kisha kula. Usiendeshe mpaka zipite dakika 45 tangu sukari irudi sawa.

• Utingo asimmiminie kitu mdomoni mtu aliyezimia. Amlaze ubavu na kumkimbiza hospitali.

• Usiache insulini kwenye dashibodi, jua linaiharibu. Kama nyumbani hakuna friji, chungu cha maji kinasaidia kuipoza.

Kwa waliolazwa na wanaoogopa kufukuzwa: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mfanyakazi aliyetimiza miezi sita kazini likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36. Siku 63 za mwanzo ni kwa mshahara kamili, 63 zinazofuata ni kwa nusu mshahara. Peleka cheti cha daktari. Ukiachishwa kazi isivyo haki, una siku 30 za kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA.

Dereva wangu bado yuko kwenye safari fupi. Posho imepungua, na kila kliniki ananilalamikia. Namsikiliza, kisha namwomba daftari lake tuangalie namba pamoja.