Kidude cha Kuongeza Nguvu za Injini

Sehemu kubwa ya mafuta yanayotumiwa na majirani zetu wa Uganda, Rwanda na Burundi hushushwa katika bandari za Mombasa na Dar es Salaam. Lita moja inapofika Kigali au Bujumbura imekwisha kulipiwa fedha za kigeni na kusafirishwa zaidi ya kilomita elfu moja. Haishangazi, basi, kwamba mfanyabiashara anayetangaza kidude cha kupunguza ulaji wa mafuta, na papo hapo kuongeza nguvu za injini, hupata wa kumsikiliza, wakiwemo madereva wa vikosi.

Kidude chenyewe ni plagi ya plastiki inayoenea kiganjani. Huchomekwa katika soketi yenye nafasi 16 iliyo chini ya usukani, ile ambayo fundi huitumia kusoma hitilafu zilizowekwa kumbukumbu na kompyuta ya injini. Taa zake humetameta. Muuzaji hudai kwamba chipu iliyomo ndani hujifunza mwendo wa dereva kwa kilomita 200 hivi, kisha huipangia kompyuta upya kiasi cha mafuta ya kupuliza.

Tuulize kama aulizavyo askari anayepekua mzigo: ndani mna nini? Mwaka 2017 wataalamu wa Quarkslab, kampuni ya Ufaransa inayoshughulikia usalama wa kompyuta, walikifungua kimojawapo kiitwacho Nitro OBD2. Walichunguza mawasiliano yanayopita katika nyaya za gari kabla ya kukichomeka na baada ya kukichomeka, wasione hata ujumbe mmoja uliotoka kwake. Wakaliyeyusha ganda la chipu kwa asidi na kuitazama kwa darubini. Hapakuwa na sehemu ya kupelekea ujumbe. Kazi yake yote ilikuwa kuwasha na kuzima taa.

Iko aina nyingine, ya waya na rezista ya senti chache. Hii huungwa kwenye sensa ya joto la hewa iingiayo injini, ili kompyuta idanganyike kuwa hewa ni baridi na iongeze mafuta. Yaani aliyetaka kuokoa mafuta huuziwa kifaa cha kuyamwaga!

Wapo wanaoapa kwamba kimewafaa. Hatusemi wanadanganya. Mtu aliyetoka kulipa fedha zake hukanyaga mafuta kwa uangalifu zaidi wiki ile, na geji humsifu. Idara ya Marekani ya kulinda mazingira imekwisha kuchunguza vifaa zaidi ya 100 vya namna hii tangu miaka ya sabini, na ni vichache mno vilivyoonyesha faida yoyote.

Isitoshe, Land Cruiser nyingi zinazotumiwa na majeshi na polisi wa Afrika zina injini ya dizeli ya 1HZ, ambayo mafuta yake hugawiwa na pampu ya chuma tupu. Hapo chipu itamwamuru nani? Ni kweli kwamba dizeli ya kisasa yenye tabo inaweza kuongezwa nguvu na fundi anayeandika upya programu ya kompyuta. Lakini hiyo ni kazi ya ghali, na joto na mzigo unaozidi hulipwa na injini na giaboksi.

Mpaka hapa hasara ni ya mfuko, na pengine ya betri, kwani soketi hiyo huwa na umeme hata ufunguo ukitolewa, na gari la kituo cha mpakani huweza kukaa siku nyingi bila kuwashwa. Liko jambo zito zaidi. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, walitumia plagi iliyochomekwa katika soketi kama hiyo, yenye simu ndani yake, wakatuma ujumbe mfupi na kuzima breki za gari aina ya Corvette lililokuwa likienda polepole. Plagi hiyo haikuwa ya kitapeli. Ilikuwa ya biashara halali ya bima.

Dereva wa kikosi anayekuta kitu asichokijua katika soketi ya gari lake hana njia ya kukitambua kwa macho kama ni cha taa tupu au cha simu. Asikitupe. Akikabidhi kwa ofisa wa usafirishaji, pamoja na jina la aliyekiuza kama analijua.