Moto wa Pumba Mwilini

Mtu achomwapo na mwiba, mahali pale huwa pekundu, hupata joto, huvimba na kuuma. Hali hii huitwa mchochota. Ni ishara kwamba chembe nyeupe za damu zimefika kupambana na vijidudu. Jeraha likipona, nao hukoma. Lakini uko mchochota mwingine, usiouma wala kuonekana, ambao hudumu kwa miaka. Huo ni kama moto wa pumba: hauna ndimi, ila unateketeza.

Mwaka 1988 daktari Gerald Reaven wa Marekani alieleza kwamba shinikizo la damu, hitilafu za sukari na hitilafu za mafuta katika damu mara nyingi humpata mtu mmoja kwa pamoja. Hali hiyo leo huitwa sindromu ya kimetaboli. Tangu mwaka 2009, mtu mzima huhesabiwa kuwa nayo akiwa na mambo matatu kati ya haya matano: kiuno kinene, shinikizo la damu la 130/85 au zaidi, sukari ya milimoli 5.6 kwa lita au zaidi kabla ya kula, trigliseridi nyingi, na upungufu wa lehemu njema. Kwa Waafrika wa kusini mwa Sahara, kiuno hupendekezwa kuhesabiwa kinene kuanzia sentimita 94 kwa mwanamume na 80 kwa mwanamke.

Je, mchochota unahusikaje? Zamani mafuta ya mwili yalidhaniwa kuwa ghala tu la nishati. Mwaka 1993 Gökhan Hotamisligil na Bruce Spiegelman walionyesha kwamba mafuta ya panya wanene hutoa kemikali ya mchochota, na kwamba kemikali hiyo ikizuiwa, insulini hufanya kazi vizuri zaidi. Mwaka 2003 ikadhihirika kuwa mafuta ya wanene yamejaa makrofaji, yaani chembe za kinga zinazomeza uchafu na vijidudu.

Mambo huenda hivi. Seli za mafuta ya tumboni zikijaa kupita kiasi, baadhi hufa. Makrofaji huja kuzisafisha, na huku hutoa kemikali za mchochota. Kemikali hizo huzuia ujumbe wa insulini ndani ya seli, hivyo misuli haipokei sukari ipasavyo, na ini huendelea kuitoa. Kongosho hulazimika kutoa insulini zaidi, hata huweza kuchoka. Hapo kisukari huingia. Kuta za mishipa nazo hudhurika. Aidha, insulini ikishindwa kazi, seli za mafuta humwaga asidi za mafuta katika damu, nazo huzidisha mchochota. Duara limefungika.

Hata hivyo, mchochota si chanzo pekee. Jaribio lililotangazwa mwaka 2017, la watu zaidi ya 10,000 waliowahi kupata shambulio la moyo, lilionyesha kwamba dawa ya kupunguza mchochota ilipunguza mashambulio mapya bila kushusha lehemu. Lakini haikuzuia kisukari, na vifo vya maambukizo viliongezeka, kwani mchochota pia ni ngao ya mwili.

Kwa hiyo njia salama ni kuupunguzia moto huo pumba: kutembea na kufanya kazi za mwili kila siku, kupunguza sukari na vyakula vya mafuta mengi, na kuacha sigara. Nao mwenye kiuno kinene asingoje maumivu. Apimwe shinikizo la damu na sukari angali anajiona mzima.